Fielder niliyoishusha na tairi zilizoliwa ndani: uzoefu wangu wa alainimenti Nakuru

Kijana wa panchari pale Free Area ndiye aliyenionyesha. Nilikuwa nimepeleka tairi ya nyuma izibwe, naye akakata usukani hadi mwisho akaniita: "Mkubwa, hebu njoo uone huku ndani." Kwa nje tairi za mbele zilikuwa na meno kama za juzi. Kwa ndani zilikuwa kipara, na ya kushoto ilishaanza kutoa nyuzi za chuma. Tairi za miezi mitano! Nami kila Jumamosi naziosha na kuzipaka dawa zing'ae.

Gari ni Toyota Fielder NZE141, tairi 195/65 za rimu 15. Niliishusha sentimita 4 kwa springi fupi, kwa ajili ya urembo tu, sitadanganya. Siku hiyo hiyo nikaipeleka alainimenti, yaani kupimwa na kunyooshwa pembe za magurudumu, kwenye duka moja mjini. Dakika 15, shilingi 1,500, "iko sawa, bosi." Karatasi ya vipimo sikupewa, nami sikuuliza. Kumbe springi mpya huzidi kukaa chini zikishakanyaga barabara siku kadhaa, kwa hiyo walichopima siku ile kilikuwa kama gari nyingine.

Mara ya pili nilielekezwa kwa fundi wa Industrial Area na jamaa mwenye Subaru. Kabla ya kuwasha mashine fundi huyo aliinua gari, akatikisa kila gurudumu juu na chini, kisha kushoto na kulia, akitafuta bolijointi (viungo vya gurudumu) na tairodi (vyuma vinavyosukuma magurudumu ukikata usukani) zilizolegea. Halafu akaniambia nipitishe kiganja juu ya tairi, kutoka ndani kuja nje. Laini. Nikarudisha mkono: ukakwaruzwa kama nimeshika msumeno.

"Hiyo si kemba pekee, hiyo ni tou." Kemba ni ule mlalo wa gurudumu ukiitazama gari kwa mbele. Tou ni kama vidole vya miguu: magurudumu yanaangaliana au yanakimbiana. Yangu yalikimbiana kwa milimita 6. Akanipigia hesabu kwamba kila kilomita moja, kila tairi inaburutwa ubavu mita 7 hivi. Mimi huenda Njoro na kurudi kila siku ya kazi. Nikaelewa mpira ulikoenda.

Kemba ilisoma digrii 1.7 hasi kushoto, 1.4 kulia. Fielder haikuja na mahali pa kurekebisha kemba. Mbele unageuza tou tu, na nyuma ni ekseli nzima, hakuna cha kugusa. Kwa hiyo akafunga bolti zile zenye tumbo, ambazo ukizizungusha zinasogeza mlalo wa gurudumu, chini ya shokapu, akairudisha hadi 0.8 pande zote. Ndipo akashika tou, kwa sababu ukigusa kemba tou nayo inahama. Duka la kwanza walinigeuzia tairodi wakanifungulia geti.

Bolti 3,000, kazi 3,500, karatasi ya kabla na baada mkononi. Foleni yake ni ndefu na hakuna hata benchi. Nilisimama juani kwa muda wa saa mbili na nusu.

Tairi mpya zimeshatembea kilomita 6,000. Juzi nilizipima: ndani milimita 6.1, nje 6.4. Matuta ya kuelekea Njoro bado yanakwangua tumbo la gari, na nilipomlalamikia fundi alicheka tu, akaniuliza kama zile springi za zamani nilizitupa.