Atkinson Hyperlegible kwenye tovuti za Mwanza: ijaribu kwa neno Ilemela

Andika Ilemela kwa fonti ya Arial, kwa ukubwa mdogo, kisha uisome kwenye simu jua likiwaka pale Mwaloni Kirumba. I kubwa na l ndogo zinasimama kama vijiti viwili vya aina moja, na mgeni asiyeijua wilaya hiyo hajui neno linaanza na nini. Kwa tovuti za Mwanza, hilo ndilo jaribio la kwanza la fonti. Atkinson Hyperlegible inalipita vizuri kabisa.

Ilitolewa mwaka 2019 na Braille Institute ya Marekani kwa ajili ya watu wenye uoni hafifu. I kubwa ina vistari juu na chini, l ndogo ina mkia uliopinda, na sifuri imekatwa kwa mshazari isichanganywe na O. Ni ya bure hata kwa kazi za biashara, na ipo Google Fonts, maktaba ya fonti ya Google mtandaoni.

Nguvu yake iko kwenye taarifa ambazo mtu akizisoma vibaya anapata hasara: namba ya tiketi ya boti ya Nansio, lipa namba, bei ya kilo ya sangara. Anza na herufi za ukubwa wa 16px, nafasi ya mistari 1.5. Kwenye bango kubwa sifa hiyo hiyo inageuka kero, maana sifuri za 250,000 zikipangana na mikato yake zinasumbua macho. Vichwa vipe fonti nyingine, lakini iwe ya pili tu. Kuweka ya tatu ni kumlia mteja bando.

Toleo la mwanzo lina uzito, yaani unene wa herufi, wa aina mbili, 400 (wa kawaida) na 700 (mzito), pamoja na herufi za mlalo (italiki) za kila uzito. Ukiandika 500 kwenye CSS, yaani msimbo wa mwonekano wa tovuti, kivinjari kinarudi kwenye 400 na huoni badiliko lolote; ukiandika 600, kinapanda hadi 700. Wengi hapo huhangaika kutafuta kosa kwenye CSS wakati kosa halipo. Anayehitaji uzito wa kati achukue Atkinson Hyperlegible Next ya 2025, yenye uzito wa aina saba. Na usipakie faili ya 400 peke yake kisha ukaweka maneno mazito: kivinjari kitanenepesha herufi chenyewe, na matundu ya e na a yataziba.

Faili iwe ya WOFF2, aina ya faili ya fonti iliyobanwa kwa ajili ya tovuti, na kwenye CSS uandike font-display: swap, ili maandishi yaonekane kwa fonti nyingine hadi yako ifike. Bila hiyo, mtandao ukisuasua, maandishi yanaweza kufichika kwa sekunde kama tatu, mteja akaondoka.

Ukipunguza faili kwa kubakiza A hadi Z na tarakimu, ile alama ya ng' inapotea. Kivinjari kitaiazima kwenye fonti nyingine, na neno ng'ombe au jina la Kisukuma Ng'wanamalundi litaonekana limeachana katikati. Bakiza U+0027 (alama iliyonyooka) na U+2019 (iliyopinda) zote mbili, kwa sababu simu na programu za kuandikia hazitoi alama moja.