Sponji au bodi za jipsamu: kipi kinazuia kelele za gereji?

Anayetaka kupiga dramu au kukereza mbao gereji bila kugombana na majirani hushauriwa mambo mawili: abandike sponji za sauti ukutani, au aongeze tabaka la bodi za jipsamu.

Wengi hukimbilia sponji. Ni nyepesi, na jioni moja na gundi vinatosha. Kazi yake hasa ni kumeza mwangwi: ukipiga makofi humo ndani, ule mlio wa kurudi unakufa. Aliye nje lakini anasikia karibu yaleyale, maana sauti hupenya kitu chepesi bila shida, besi ndiyo usiseme.

Jipsamu hufanya kazi kwa uzito. Kinadharia, ukuta ukiongezwa uzito maradufu hupunguza kelele kwa takriban desibeli 6 zaidi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Weka matabaka mawili ya bodi za milimita 12.5, maungio yapishane, juu ya fremu isiyogusa ukuta wa zamani, na ujaze pamba ya madini, yaani nyuzi laini za mawe au kioo, katikati. Hapo tofauti utaisikia. Ni kazi ya vumbi, kweli, na nafasi ya gari inapungua. Pembeni na kuzunguka soketi ziba kwa silikoni inayobaki laini. Ufa mwembamba tu unaweza kuharibu kazi yote.

Mimi ningechukua jipsamu, sponji nimwachie anayerekodi sauti. Ila kabla hujagusa ukuta, kagua mlango: ukiwa wa bati jepesi, kelele nyingi zinatokea hapo.