Ukoko sugu wa sufuria: magadi soda, siki, stilwaya na poda ya dukani

Haya, karibuni jikoni, leo sipiki. Hapa mezani nina sufuria ya stili iliyounguza maharage, sufuria ya alumini, hizi zetu za kila siku, wali umeshika chini, na kikaango cha nonistiki chenye mafuta yaliyogandia pembeni. Dawa zangu ni magadi soda, siki, stilwaya na poda ya Bar Keepers Friend. Mnaniuliza kila mara ipi ni bora. Mimi nakuuliza kwanza: sufuria yako ni ya nini?

Tuanze na stili. Namimina maji mpaka yafunike ukoko, naweka vijiko viwili vya chakula vya magadi soda, nawasha moto. Yakichemka napunguza, yatokote kama dakika 15. Moto ndio siri yenyewe hapa. Magadi soda ya pakiti, yaani sodiamu bikaboneti, kwenye maji baridi ni pole mno. Ikichemshwa inatoa kabonidayoksaidi na kugeuka polepole kuwa sodiamu kaboneti, ambayo ina ukali wa kutosha kulegeza mafuta na uji wa maharage ulioungua. Anayeinyunyiza kwenye ukoko mkavu na kuanza kusugua anapata faida ya chembechembe tu. Haya, nazima. Napitisha mwiko wa mbao, sitaki kukwangua kwa kisu... mnaona? Unabanduka vipande vipande. Na pakiti hii unaipata hata kwa Mangi.

Sasa siki. Zile video za kumwaga siki juu ya magadi soda, povu linapanda, watu wanapiga makofi! Wapendwa, hiyo ni sarakasi. Siki ni asidi, magadi ni kinyume chake, zikikutana zinamalizana nguvu na wewe unabaki na maji ya chumvichumvi. Siki itumie peke yake: kwa ile rangi kama ya upinde wa mvua inayotokea kwenye stili ikipata moto mkali, au madoa meupe ya maji ya chumvi. Hapo siki ni bingwa. Kwenye maharage yaliyoungua haisaidii sana.

Pale chini umebaki mduara wa kahawia. Hapo ndipo poda hii inapostahili bei yake. Inatengenezwa Indianapolis, Marekani, tangu 1882, na nguvu yake inatoka kwenye asidi oksaliki. Vaa glavu, lowanisha sufuria, paka, sugua, suuza haraka. Isikae zaidi ya dakika moja. Angalieni huo mng'ao! Ila tahadhari: poda hii, na siki pia, usizichanganye kamwe na jiki. Hewa ya klorini inayotoka inaumiza mapafu. Na kama jikoni kwako kote ni alumini, hela yako kaa nayo.

Maana alumini ina mambo yake. Usiichemshie magadi soda, na yale magadi ya mawe ya kulainishia makande ndiyo kabisa usithubutu, ni makali zaidi. Alumini inashambuliwa na vitu vya aina hiyo, sufuria inatoka nyeusi kuliko ulivyoianza. Hii ya wali nimeiloweka kwa maji ya moto na sabuni, ukoko umevimba, unatoka wenyewe kwa mwiko. Kilichobaki, stilwaya. Inafanya kazi vizuri, lakini ya bei poa inaacha vinyuzi, kwa hiyo suuza mara mbili kabla hujapika uji wa mtoto. Ikiwa sufuria imeshapiga weusi kwa ndani, chemsha maji yenye ndimu au ukwaju, weupe unarudi.

Najua kuna mtu ataandika hapo chini, "mbona hujasema jivu?" Jivu la kuni ni zuri. Lina kemikali za jamii moja na magadi, zinashika mafuta na kuyafanya kama sabuni, na chembe zake zinasugua. Kwa masizi ya nje, nikiwa kijijini, ningelichukua jivu kabla ya poda yoyote ya kwenye kopo.

Kikaango cha nonistiki sasa. Stilwaya weka mbali, mchanga weka mbali. Maji ya uvuguvugu, sabuni, uiache ilowe. Mafuta yakibaki, uji mzito wa magadi soda na upande laini wa sponji, taratibu. Taratibu, nimesema! Na usikiweke motoni kikavu eti ukoko uungue uishe, ule utando unaanza kuharibika ukipita kama nyuzijoto 260. Hiki changu mafuta yamekubali na utando bado uko sawa. Chako kikiwa kinabanduka magamba, hakuna dawa hapa mezani itakayokirudisha. Kanunue kingine.