Seti ya REV kwa timu mpya ya roboti: nzuri, mradi mkubali kukagua nati

Timu ya wanafunzi inayoingia FIRST Tech Challenge, mashindano ya roboti ya wanafunzi, kwa mara ya kwanza inatakiwa kuamua mapema: tujenge kwa vipande vya mfumo gani? Tunaupima hapa mfumo wa REV Robotics: profaili za alumini za milimita 15, mota za HD Hex zenye giaboksi (sanduku la gia linalopunguza mzunguko wa mota) za UltraPlanetary, na Control Hub, kompyuta ndogo inayoendesha vyote. Kwa timu ambayo bado haijui roboti yake itakuwa na umbo gani, huu ndio tunaoupendekeza. Unawaruhusu kuanza kujenga leo na kubadili mawazo kesho bila kutupa kitu. Ila unadai nidhamu ya kukaza na kukagua, na timu isiyokuwa nayo itateseka.

Profaili hazina matundu. Kila upande una mfereji. Kichwa cha bolti ya M3 kinaingia humo, mnakitelezesha hadi mnapotaka, mnaweka brakiti (kipande cha kuunganishia) juu yake, kisha mnakaza nati. Gurudumu likikaa milimita nne pembeni ya mahali pake, mnalegeza, mnasogeza, mnakaza tena. Hapo mfumo huu unaishinda ile yenye matundu ya kudumu. Wakati wa kuunganisha fremu, ingizeni bolti tatu au nne za ziada katika kila mfereji kabla ya kufunga kona. Msipofanya hivyo, siku mtakayotaka kuongeza kihisi kimoja tu mtalazimika kufungua kona nzima ili kupitisha bolti moja.

Udhaifu wake unatokana na uzuri huohuo. Kinachoshikilia brakiti ni msuguano peke yake. Roboti ikigonga ukuta wa uwanja mara kadhaa, brakiti inahama milimita moja au mbili, magurudumu yanaacha kuwa sambamba, roboti inavuta upande mmoja, na wanafunzi wanakesha wakitafuta kosa kwenye programu. Tumieni nati zenye nailoni ndani, spana ya milimita 5.5 na alenki ambayo ncha yake haijalika. Mkishakaza, chora mstari wa wino unaoanzia kwenye brakiti na kuishia kwenye profaili. Mstari ukikatika, brakiti imehama; mtaliona hilo kwa kutupa jicho. Fremu ya chini ipimeni kwa futi kamba kona hadi kona, mishazari yote miwili. Vipimo vikitofautiana zaidi ya milimita moja, legezeni na mnyooshe kabla ya kupachika mota.

Kuhusu ukubwa, roboti inapoanza mechi inatakiwa kuingia ndani ya inchi 18 kila upande, yaani milimita 457. Profaili ndefu ya mfumo huu ni milimita 420. Mkiilaza upana wote mnabakiwa na milimita 37, kama 18 kila upande, na gurudumu haliingii hapo. Basi magurudumu yakae ndani ya fremu, katikati ya profaili mbili, au mkate profaili za kulala. Zinakatika vizuri kwa msumeno wa chuma zikibanwa kwenye jiliwa. Pitisheni tupa kwenye mdomo wa mfereji, la sivyo kichwa cha bolti hakipiti.

Giaboksi za UltraPlanetary ndizo zilizotufurahisha kuliko vyote. Mnapanga wenyewe hatua za kupunguza mzunguko, moja hadi tatu, kwa vipande vilivyoandikwa 3:1, 4:1 na 5:1. Tahadhari: namba hizo ni za majina tu. Uwiano halisi ni 2.89, 3.61 na 5.23. Mkiunganisha ya 4 na ya 5 mnapata takriban 18.9, si 20. Enkoda ya mota hii, yaani kihisi kinachohesabu mzunguko wake, hutoa hesabu 28 kwa kila mzunguko wa mota, kwa hiyo gurudumu likizunguka mara moja mnapata kama 530. Mkiandika 560 kwenye programu, roboti itapitiliza karibu sentimita 5.7 kila mita, na uwanja wenyewe una upana wa mita 3.66. Kosa hili ni la kawaida mno kwa timu mpya, na halionekani kwa kuitazama programu.

Mota hizi zikiwa hazina mzigo huzunguka mara 6,000 kwa dakika. Kwa gurudumu la milimita 75 na hatua za 4 na 5, mwendo wa juu kwenye karatasi ni kama mita 1.25 kwa sekunde. Kwa hatua za 3 na 4 ni kama mita 2.25. Anzeni na ule wa kwanza. Dereva ambaye hajazoea hafaidiki na kasi asiyoweza kuidhibiti, na kubadilisha hatua baadaye ni kufungua bolti chache tu. Kumbukeni kwamba urefu wa bolti za giaboksi hutegemea idadi ya hatua, hivyo zile zinazobaki zihifadhini kwenye mfuko wenye maandishi.

Shafti (fito zinazobeba magurudumu) za pembe sita za milimita 5 hatuzisifii sana. Zinatosha kwa gurudumu lililoshikwa na beringi pande zote mbili. Gurudumu likining'inia upande mmoja, shafti inapinda. Mkono wa kunyanyua usiutegemeze kwenye shafti hiyo. Tumieni UltraHex, shafti nene ya nusu inchi, ambayo tundu lake la ndani linapokea shafti ya milimita 5.

Kwa magurudumu ya mekanamu, yaani yenye rola za mshazari zinazoiwezesha roboti kwenda ubavuni, jaribio ni jepesi: mkiitazama roboti kutoka juu, rola za magurudumu manne zichore herufi X. Zikipangwa vingine, roboti itaenda mbele na nyuma vizuri lakini itagoma au itajikokota kwenda ubavuni au kugeuka.

Control Hub ina nafasi nne za mota na sita za servo, mota ndogo zinazogeuka hadi pembe mnayoiagiza. Timu nyingi hushangaa servo mbili zenye nguvu zinapodhoofika kwa pamoja. Nafasi hizo hugawana umeme mbilimbili, 0 na 1, 2 na 3, 4 na 5, na kila jozi ina ampea 2 tu. Servo nzito ziwekeni jozi tofauti. Kwenye enkoda, nafasi 0 na 3 huhesabiwa na saketi yenyewe, 1 na 2 huhesabiwa na programu ya ndani. Enkoda ya nje yenye hesabu nyingi kwa mzunguko ipelekeni 0 au 3, isije ikapoteza hesabu roboti ikikimbia.

Betri ina fyuzi ya ampea 20. Mota moja ya HD Hex ikikwama inavuta ampea 8.5, kwa hiyo nne zikisukuma ukuta kwa nguvu zote zinafika 34. Fyuzi ikikatika, tatizo si betri: ama dereva amesukuma kwa muda mrefu, ama gurudumu linasugua fremu. Nyanyueni roboti, zungusheni kila gurudumu kwa mkono, na sikilizeni.

Plagi za enkoda zenye pini nne ndizo zinazochomoka zaidi. Acheni waya ulegee kidogo karibu na plagi, kisha ufungeni kwenye fremu kwa tai ya plastiki, ili mvutano uishie kwenye tai. Control Hub msiibane moja kwa moja kwenye alumini. Ipachikeni juu ya kipande cha plastiki au plaiwudi. Magurudumu yakisugua mikeka ya uwanja hujaza umeme tuli kwenye fremu, na cheche yake inaweza kukata mawasiliano katikati ya mechi. Upo waya maalumu wa kuupunguza unaouzwa na mtengenezaji. Hakikisheni kitabu cha kanuni cha msimu wenu kinauruhusu, na uwe mmoja tu.

Pamoja na seti, agizeni nati na bolti za M3 kwa wingi, fyuzi, waya wa enkoda wa akiba, betri ya pili na kola za shafti, yaani pete zinazozuia shafti isiteleze. Kola ndizo huisha mwanzo.