arXiv au jarida: wa tasnifu achimbe wapi?

Kila msimu wa tasnifu ubishi huu unarudi kwenye vibanda vya chai Iyunga, hapa Mbeya. Kwa mfuko wa mwanafunzi, arXiv, hifadhi ya mtandaoni ambako watafiti huweka makala bila kusubiri wahakiki wa jarida, haina mshindani: tangu 1991 kusoma ni bure. Jarida linaweza kukudai makumi ya dola kwa makala moja, ingawa chuo kikiwa kimejiunga na Research4Life, mpango unaovipa vyuo vya nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu, habari hubadilika. Muulize mkutubi kabla hujalalamika.

Kwenye uhakika, jarida liko mbele, maana wahakiki hupitia kazi kwanza. Machi 2014 timu ya BICEP2, yenye darubini Ncha ya Kusini, ilitangaza kuona alama za mawimbi ya mvutano ya mwanzo wa ulimwengu, na makala ikawekwa arXiv. Ilipotoka jaridani Juni, madai yalishalegezwa. Mwaka 2015, baada ya kulinganisha na data za setilaiti ya Planck, ikaonekana vumbi la galaksi yetu lilitosha kueleza sehemu kubwa ya alama zile.

arXiv pia ina matoleo. Mimi nilinukuu v1, yaani toleo la kwanza la makala, kumbe v2, la pili, ilishabadilisha jedwali. Msimamizi akanizungushia wino mwekundu.

Wa akili mnemba aanzie arXiv, akisubiri jarida ataachwa. Wa astronomia asome zote, akilinganisha. Wa uchumi, tuseme bei za viazi vya Uporoto, ashike majarida: arXiv ilifungua tawi la uchumi 2017 tu, na viazi sijavikuta humo.