Duka la fotokopi la Langoni, na daftari la miaka mitano

Wengi huliendea duka hili kwa picha za pasipoti na fomu za kodi. Mimi huliendea kwa mipango ya kaunti. Liko Langoni, hapa mjini Amu (Lamu), nyuma kidogo ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na kijana anayeliendesha huzitafuta nyaraka za serikali kwenye intaneti, akazichapa na kuzitia pete. Akimkuta mtu mzima asiyejua aanzie wapi, humtilia alama kwenye kurasa. "Bi, anza na majedwali. Dibaji utaisoma ukipumzika," aliniambia. Kwa ushauri huo tu nililipa nikiwa radhi.

Ukutani amebandika kalenda ya bajeti, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kulisifu duka hili. Mpango wa maendeleo wa mwaka hutakiwa kufika kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, mkakati wa fedha 28 Februari, makadirio 30 Aprili. Wengi wetu huamka Aprili, wakati viwango vya juu vya fedha za kila idara vilishawekwa kwenye ule mkakati wa Februari. Mwenye hoja ya mtaro au taa aipeleke mapema.

Nilichapisha sehemu za Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa 2023 hadi 2027. Miaka mitano ni mizuri, lakini kwa mji wa mawe kama Amu ni michache mno. Nyumba yangu ya Mkomani ni ya matumbawe na boriti, na pesa ya chokaa huitenga kabla sijanunua hata pazia jipya. Mji nao una dari zake za kutunza. Nyumba iliyokuwa na jamaa mmoja na choo kimoja leo ni ya wageni, kila chumba na bafu lake, na maji yote hayo yanapita mitaro ile ile ya vichochoroni kuelekea baharini. Maji matamu tunayatoa chini ya matuta ya mchanga ya Shela, mvua inakozama. Nani anahesabu leo gharama ya pampu na mabomba ya miaka kumi na tano ijayo? Na mchanga ule ukijengwa, maji ya kunywa tutayatoa wapi, na kwa fungu gani?

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti, kwa kipindi cha miaka kadhaa, iende kwenye maendeleo. Naiunga mkono. Ila kuzibua na kukarabati mtaro uliopo mara nyingi huhesabiwa matumizi ya kawaida, kwa hivyo hushindana na mishahara. Kujenga kipya kuna fungu lake, kutunza cha zamani hugombania masazo. Ndiyo maana nataka kila mradi mpya uandikwe pamoja na gharama ya kuutunza kwa miaka ishirini, kwenye mstari ule ule, kabla jiwe la kwanza halijapakiwa kwa punda.

Nirudi dukani. Kasoro zipo. Mashine ni ya wino mweusi tu, basi ramani za ardhi hutoka kijivu, hujui wapi mikoko na wapi makazi. Pete ni nyepesi, daftari langu limeanza kuachia kurasa. Umeme ukikatika ni kungoja, kwa hivyo nenda asubuhi. Bei ni kama ya maduka mengine, na kitabu kizima ni ghali. Mwambie akuchapie majedwali na sura ya mtaa wako. Sisi majirani tumechangia nakala moja, inapita nyumba hadi nyumba.

Anayetaka kuzungumzia makadirio yajayo afike pale mwanzo wa Januari, na aulizie kurasa za maji.