Helmeti yenye lebo ya E: niliyonunua Mwembe Tayari, na kama bei yake ina haki

Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu iko Kongowea, Mombasa. Nikishika kitu chochote chenye mshono, kwanza nakigeuza ndani nje. Ndivyo nilivyofanya kwa helmeti niliyomnunulia mwanangu anayeendesha bodaboda hapa stejini kwetu. Nimeinunua shilingi 7,500 kwenye duka la spea za pikipiki upande wa Mwembe Tayari, na kina mama wenzangu wananiuliza kila siku kama pesa hizo zina haki. Zina haki. Naeleza kwa nini, na yale yasiyonipendeza pia.

Ukiingia dukani, usiangalie rangi. Shika mkanda wa kidevuni. Kwenye huo mkanda imeshonwa lebo ndogo ya kitambaa, na juu yake kuna duara lenye herufi E na nambari. Yetu ni E9, yaani imeidhinishwa Hispania. E1 ni Ujerumani, E3 Italia, E4 Uholanzi. Kisha inafuata nambari ndefu inayoanza na 06, na hiyo ndiyo ya kutafuta. Ina maana helmeti imepimwa kwa Kanuni ya 22 ya Umoja wa Mataifa, ile inayosimamiwa kule Geneva, kwa masharti mapya yaliyoanza kutumika 2021. Masharti ya zamani yalikuwa 05. Haya mapya yameongeza kipimo cha kichwa kinapogonga chini kwa ubavu na kuzunguka, maana mtu akianguka kutoka kwenye pikipiki mara nyingi hatui wima. Baada ya nambari hiyo kuna herufi P: sehemu ya kidevu inakinga. Ukikuta J, ni ya uso wazi. Ukikuta NP, kidevu kipo lakini usikitegemee.

Mkanda wenyewe ndio ulionifurahisha. Ni mpana, umefumwa kwa kubana, na pale unapoingia kwenye pete mbili za chuma umeshonwa kwa kurudiwa mara nyingi mpaka huwezi kupenyeza sindano. Nilikwenda kuisoma hiyo kanuni (iko wazi mtandaoni, haina malipo) nikaona sababu. Mkanda ukivutwa, upana wake haupaswi kuwa chini ya milimita 20. Halafu wanaangusha uzito wa kilo 10 kutoka sentimita 75 uuvute huo mkanda, na pale unapovutwa hautakiwi kusogea zaidi ya milimita 35. Kanuni hiyo hiyo inakataza kikombe cha kidevu. Sasa nenda kaangalie helmeti za shilingi mia nane zilizoning'inizwa barabarani: nyingi zina kile kikombe cha plastiki kidevuni. Nimezishika. Mshono mstari mmoja, uzi unaning'inia, na nikifunua bitana nakuta sponji tupu juu ya gamba la plastiki. Lile povu gumu jeupe, kama la kufungia televisheni, ambalo ndilo linalobonyea badala ya fuvu, halimo kabisa. Nje zimebandikwa stika ya DOT. Hiyo ni alama ya Marekani, na stika mtu yeyote anaweza kuichapa. Lebo iliyoshonwa mkandani inahitaji kazi zaidi kuighushi, ndiyo maana naiamini zaidi, ingawa hata hiyo niliikagua herufi kwa herufi.

Huduma ya duka ni nzuri. Kabla ya hapo nilipita duka jingine, nikatoa futi yangu ili nipime, muuzaji akaniambia, "Mama, hizi zote saizi moja." Nikatoka. Huyu wa Mwembe Tayari alichukua futi mwenyewe, akaizungusha kichwani mwa mwanangu juu kidogo ya nyusi, ikasoma 58. Akamvalisha M, akafunga mkanda, akamwambia atikise kichwa, kisha akaivuta kwa nyuma kwenda mbele kuona kama itachomoka. Mwanangu akalalamika mashavu yanabanwa. "Wacha yabanwe, kaka," akamwambia, "bitana italegea, kichwa hakipungui." Akatuonya pia kwamba ikishapigwa kwa kishindo kichwa kikiwa ndani, ni ya kutupa hata kama nje haina ufa. Sikutarajia kusikia hilo kwa mtu anayeuza.

Yasiyonipendeza ni haya. Inachemsha. Jua la Mombasa saa nane mchana, foleni ya Nyali, mwanangu hufungua kioo kila wanaposimama. Wakati wa mvua kioo hushika ukungu kwa ndani. Bitana inatoka na kufuliwa, hilo zuri, lakini ilichukua siku nzima kukauka kivulini. Na muuzaji alitaka kutuongezea kioo cheusi bila kusema kwamba kimeandikwa ni cha mchana pekee. Mwanangu hufanya kazi mpaka usiku, kwa hiyo nilikirudisha.

Kubwa zaidi ni abiria. Sheria yetu ya trafiki inamtaka mwenye bodaboda awe na helmeti ya abiria pia, na duka halikuwa na ya uso wazi yenye lebo hiyo kwa saizi ndogo za wanawake. Wateja wengi wa mwanangu ni wanawake wenye mitandio, na wanaikataa helmeti iliyovaliwa na kila mtu, nami siwalaumu. Nimeanza kushona vikofia vyepesi vya pamba vya kuvaa ndani. Anachukua rundo safi asubuhi, jioni nafua.

Mawaziri wa nchi mbalimbali wamekutana kuzungumzia usalama barabarani: Moscow 2009, Brasília 2015, Stockholm 2020 na Marrakech Februari 2025. Umoja wa Mataifa umeweka muongo wa 2021 hadi 2030 wa kupunguza vifo vya barabarani kwa nusu, na tangu 2017 nchi zimekubaliana kwamba kufikia 2030 karibu kila mpanda pikipiki awe anavaa helmeti yenye viwango, tena kwa njia sahihi. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 1.19 waliokufa barabarani mwaka 2021. Duniani idadi imeshuka kidogo tangu 2010, Afrika imepanda. Mengi ya mikutano hiyo hayanifikii Kongowea. Lebo hii imenifikia, naweza kuishika, na naishukuru kwa dhati. Lakini kijana anayelipa mwenye pikipiki kila jioni ataitoa wapi 7,500 kwa mkupuo? Serikali ikiondoa ushuru kwa helmeti zenye viwango tu, na za mia nane zikazuiwa bandarini, ambayo iko hapa hapa kwetu, hilo lengo la 2030 litakuwa na maana stejini.

Duka ni la kurudi. Wanapokea M-Pesa, wanakubali kuwekewa kidogo kidogo mpaka utimize ukiwaomba vizuri, na wameniahidi kuleta za J saizi S. Nenda na kichwa kitakachovaa, usiende na makisio. Ijumaa wanafunga mapema kwa swala, kwa hiyo fika asubuhi.